Damu ya Mama Devo

Mdogo wangu Aminiel alipokufa, ukoo ulikaa kikao kifupi uani kwake, pale Bagara, wakakubaliana kwamba mtu mmoja wa upande wa mume abaki mpaka arobaini ipite, nyumba isipoe. Wakaanza kutazamana. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, watoto wake, migomba yake huko Upareni. Halafu wote wakanigeukia mimi. Mimi sina kazi, sina migomba, na nguo zangu zote zinaingia kwenye begi moja. Nikabaki.

Sikuwa na mazoea ya kukaa mahali kwa ajili ya mtu. Mererani nilikaa kwa ajili ya mawe, Mtera kwa ajili ya samaki, Tunduma kwa ajili ya malori. Shule nayo niliisoma vipande vipande, huku kidogo na kule kidogo, kwa hiyo nikieleza mambo ya dawa hapa nitayaeleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Pita hapa, kunja pale.

Arobaini ikapita na mimi bado nipo. Sababu ni kwamba Mama Devo alikuwa anaishiwa damu.

Mama Devo ndiye mjane wa Aminiel. Jina lake Eliakunda, ila mimi siwezi kumwita hivyo. Mimi ni kaka mkubwa wa mumewe, na sisi tulivyolelewa, kaka mkubwa wa mume ni sawa na baba mkwe. Humwiti mke wa mdogo wako kwa jina. Huingii jikoni kama yupo. Humkodolei macho anapokula. Yeye ananiita Baba Mkubwa, kama binti yake Devotha anavyoniita. Alilala nyumba kubwa, mimi nikalala kwenye banda la Aminiel la kuchomelea vyuma, na maneno tuliyosemezana kutwa nzima mtu angeweza kuyafunga kwenye pindo la kanga na nafasi ikabaki.

Usifikiri tulikuwa na huzuni kubwa. Huzuni ingekuwa kitu. Sisi tulikuwa tupo tu. Yeye anafagia uwanja. Mimi nafungua banda, naangalia geti la mtu wa Singe ambalo Aminiel aliliacha nusu, upande mmoja una nondo na mwingine hauna, halafu nafunga. Watu wakipita wanasema poleni, tunasema tumeshapoa. Nilikuwa najaribu kumkumbuka mdogo wangu akiwa mtoto, nione kama kuna kitu kitanichoma. Kilikuwa hakichomi.

Kitu kimoja hakikubadilika pale nyumbani, nacho ni chai. Aminiel alikuwa mtu wa chai ya rangi, tangawizi nyingi, imechemka mpaka imekuwa nyeusi kama oili chafu. Mama Devo aliipika alfajiri, akaijaza kwenye chupa kubwa nyekundu, na Aminiel akaenda nayo bandani. Baada ya msiba aliendelea kuipika vilevile, chupa ileile, mpaka juu. Sisi wawili hatukuweza kuimaliza. Jioni aliimwaga kwenye shina la mpapai, asubuhi akapika nyingine. Hakuna aliyesema ipunguzwe. Na maji ya kisima cha pale yana chumvi, kwa hiyo hata mtu mwenye kiu alinywa chai.

Siku moja Mama Devo alikuwa anateka maji, akakaa chini kando ya karo. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyechoka kusimama. Ndoo ikalala, maji yakatembea mpaka mlangoni kwangu, na hakunyoosha mkono kuiinua. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilisimama mbali nikapaza sauti ya kumwita Zena, jirani yetu, mke wa Sele mwenye duka.

Zena ndiye aliyeingia naye kwa daktari. Mimi nilikaa benchi la nje. Walipotoka, Zena alinieleza huku akiangalia ukuta.

"Ni mambo ya kizazi, Mzee Rogath. Uvimbe. Kila mwezi anamwaga damu kama bomba, na alikuwa anaficha. Inabidi apasuliwe."

"Lini?"

"Ndiyo shida. Damu yake ni saba na kitu. Daktari anataka ifike kumi. Akimpasua hivi hivi anaweza kubaki palepale mezani."

"Si aongezewe, watu si huwa wanaongezewa?"

"Anasema iliyopo ni ya dharura, ya kina mama wanaojifungua. Yeye ana muda kidogo, apandishe mwenyewe kwa vidonge vya chuma na chakula. Mwezi ujao wapime."

"Na isipopanda?"

Zena akanitazama sasa. "Itashuka. Si nimekuambia inamwagika?"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hesabu. Ipande, apasuliwe, aishi. Isipopanda, ukoo utakaa tena kikao uani. Nilielewa vizuri kabisa, na bado ndani yangu hakikutikisika kitu. Nikauliza vidonge vinauzwa wapi.

Kumbe nikitamka tu neno damu, kila mtu ana dawa. Devotha alikuwa wa kwanza. Yuko Geita, anafanya kazi kwenye ofisi ya kampuni ya vyakula vya mgodini, na ruhusa yake yote aliimaliza kwenye mazishi ya baba yake. Alituma kopo kwa basi. Kopo zuri, la kung'aa, lina picha ya simba na maandishi ya nchi nyingine yaliyosimama kama vijumba. Nikampigia.

"Limefika, Baba Mkubwa? Mpe mama viwili asubuhi, viwili jioni. Vinatibu damu, presha, macho, mpaka vidonda vya tumbo."

"Vina nini ndani?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Ya hukohuko yanakotoka. Aliyeniuzia ametoa ushuhuda mbele ya watu, mguu wake ulikuwa umevimba."

"Mama yako mguu hauna shida."

Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, sahani zinagongana. Halafu akasema, "Baba Mkubwa, mimi siko huko. Unataka nifanyeje?"

Nikamwambia limefika salama.

Nikaenda dukani kwa Sele. Sele anauza sukari, sabuni, betri, na pembeni dirishani alikuwa amepanga chupa za dawa ya maji ya kuongeza damu.

"Shikamoo, Mzee Rogath."

"Marahaba. Hizi zinafaa?"

"Hizo? Wanaume wa stendi wanazimalizia hapohapo mlangoni."

"Wanaume wa stendi wamepungukiwa damu?"

"Wamepungukiwa vingi, mzee wangu."

Nikachukua chupa moja nikaigeuza. Ilikuwa na picha ya tufaha. Upande wa ndani tufaha lilikuwa jekundu, upande wa dirishani lilikuwa limepauka mpaka njano. Nimewahi kuuza vitenge mnadani, Katesh na Endasak, na kitambaa kilicholala juani nakijua hata nikiwa usingizini.

"Sele, hii imekaa dirishani tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Tufaha limeiva likarudi kuwa bichi, halafu unasema si muda mrefu. Jua likila karatasi hivi, dawa ya ndani imeiacha?"

Akacheka, lakini alizitoa zile chupa dirishani moja moja akazisukuma chini ya kaunta. "Wewe mzee ungekuwa mkaguzi tungefunga maduka mji mzima. Nenda kwa Amira, pale karibu na stendi. Mimi naomba nibaki na sabuni zangu."

Amira ana duka la dawa. Binti mdogo, mtandio wa kijivu, miwani, anaongea haraka maana foleni yake haiishi. Nilimwekea kopo la Devotha juu ya kioo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hili lina damu ndani?"

Alilizungusha, akaangalia chini, akaangalia kifuniko. "Babu, hili kopo halijasema kitu. Nani ametengeneza, halisemi. Kila kidonge kina nini na kiasi gani, halisemi, au limesema kwa lugha ambayo wewe na mimi hatuijui. Namba ya usajili wa hapa nchini sioni. Linaisha lini, sioni. Sisemi ni baya. Ila siwezi kulisemea kitu ambacho lenyewe limenyamaza."

"Wanasema linatibu kila kitu."

"Hapo ndipo naogopa zaidi."

Akatoa kichupa cha plastiki cheupe, kifupi, hakina simba wala tufaha. Maandishi tu. Akanionyesha kwa kucha: hapa mtengenezaji, hapa tarehe, hapa chuma kiasi gani, hapa foliki, vitamini ya kusaidia damu. Akanionyesha karatasi ya ndani ya mdomo wa chupa, haijatobolewa. Akaniambia kikae mbali na jua na mbali na mvuke wa jikoni.

"Mbona kimekaa kinyonge hivi, hata picha hakina?"

"Ni chuma, babu. Unataka wachore nini, reli?"

Mwanamke wa nyuma yangu akacheka. Mimi nikalifikiria lile geti la mtu wa Singe.

"Ameze kimoja asubuhi kabla ya kula, na maji," Amira akasema, huku mkono wake tayari umepokea cheti cha mtu mwingine. "Choo kikibadilika asishtuke. Na maji, umesikia babu?"

Nilisikia. Na kwa uaminifu wote, nilifikisha ujumbe vilevile: kimoja, asubuhi, kabla ya kula, na maji. Ila nimetembea nchi hii kona nyingi, na sijawahi kukutana na nyumba ambayo ukiwaambia meza dawa na maji wanadhani chai si maji. Chai ni maji yaliyochemshwa. Ni maji salama kuliko maji. Kwenye uwanja ule ndiyo kabisa, maana maji yenyewe yana chumvi.

Kopo la Devotha Mama Devo aliliweka kabatini, karibu na picha ya Aminiel. Kichupa kile kifupi kikakaa juu ya meza ya varanda, pembeni ya chupa nyekundu. Kila alfajiri, nikiwa bandani, nilisikia kifuniko cha dawa kinafunguka, halafu chupa ya chai inakoroma ikimiminwa, halafu kimya. Hakuruka hata siku moja. Alikuwa anameza kama mtu anayefunga mlango jioni, kwa sababu mlango hufungwa. Zena alileta maini, akaleta rozela nyekundu kwenye jagi, akaleta mchicha. Mama Devo alikula kidogo, akashukuru, akafunika.

Mwezi ukaisha wakaenda kupima. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni pa banda waliporudi. Zena alipitiliza kwake bila kunisalimia, nikajua.

Mama Devo alisimama katikati ya uwanja.

"Haijapanda, Baba Mkubwa. Imeshuka kidogo."

"Daktari amesemaje?"

"Ameuliza tulinunua wapi. Anasema vingine huko mitaani ni chaki. Nirudi tena mwezi ujao." Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma bei ya kitu ambacho hanunui. Akaanza kwenda ndani, akasimama. "Wewe ukitaka kuondoka, ondoka. Usikae hapa kusubiri msiba wa pili. Umeshakaa vya kutosha."

Nikaingia bandani, nikatoa begi chini ya kitanda, nikaliweka juu ya godoro. Nikaweka shati. Nikaweka kandambili. Basi za Dodoma zinapita Bonga mchana, mtu anasimama tu barabarani. Nimeondoka sehemu nyingi hivyo, na mguu wangu unaijua hiyo kazi kuliko kichwa. Nilikaa pembeni ya begi mpaka giza likaingia. Sikuwa naona uchungu, sikuwa naona nafuu. Kilichonisumbua ni kitu kidogo tu: chaki. Nilikuwa nimekiangalia kile kichupa kwa macho yangu. Tarehe ilikuwepo. Karatasi ya mdomoni ilikuwa nzima. Kama kile ni chaki, basi mimi sijui kuangalia kitu chochote duniani.

Asubuhi nilikiomba kichupa, nikaenda nacho kwa Amira.

"Binti, daktari anasema umetuuzia chaki."

Sikusema kwa hasira. Labda ingekuwa kwa hasira asingeumia vile. Aliacha foleni yake, akamimina vidonge kwenye kisahani, akavinusa, akasoma namba akalinganisha na za boksi lake. Akasimama akifikiri.

"Babu, choo chake kina rangi gani?"

"Nini?"

"Choo. Kikubwa. Mtu akimeza chuma cha kweli, choo kinakuwa cheusi. Chaki haifanyi hivyo."

"Mimi nitajuaje?"

"Muulize."

"Mwanangu, yule ni mke wa mdogo wangu."

"Ndiyo, muulize."

"Mimi hata anapokula simwangalii! Nimuulize hilo?"

Foleni yote ilikuwa inasikiliza vizuri. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akatikisa kichwa, akasema kweli hilo haliulizwi. Amira akafuta miwani. "Basi tafuta wa kumuuliza. Bila hilo jibu siwezi kukusaidia."

Nikarudi Bagara kwa miguu, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Sele. Zena alikuwa anapima mchele.

"Mama, nina ombi. Naomba umwendee Mama Devo, taratibu, umuulize jambo la siri." Nikamwambia.

Zena aliweka kikombe cha kupimia chini. Alinitazama. Halafu, badala ya kwenda taratibu, alitoka mlango wa nyuma, akapanda juu ya tofali, akashika ukuta unaotenganisha nyumba zetu.

"Mama Devoooo!"

"Abee!"

"Shemeji yako kaja hapa anatetemeka! Anauliza choo chako kina rangi gani!"

Nilitafuta pa kuingia, nikaona gunia la mchele tu. Sele alikuwa amelala juu ya kaunta, mabega yanaruka. Halafu kutoka ng'ambo ya ukuta ikatoka sauti ambayo sikuitambua haraka, kama mtu anakohoa, halafu kama mlango mkavu, halafu nikajua ni Mama Devo anacheka. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi.

"Mwambie Baba Mkubwa," akasema, "nyeusi! Nyeusi kama masizi ya sufuria! Na mwambie kama anataka ushahidi aje aangalie!"

"Sitaki!" nikapaza sauti.

"Hataki!" Zena akarudia.

Nilirudi kwa Amira nikiwa na jibu langu. Alipolisikia aliachia pumzi.

"Basi kidonge ni kizima. Chuma kipo. Kinaingia na kinatoka, ila mwili haukichukui." Akainamia kioo. "Anameza na nini?"

"Na maji, kama ulivyosema."

"Maji matupu?"

"Chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi. Nzito. Ilikuwa ya marehemu."

Amira alifumba macho kidogo. "Babu. Chai inakikamata chuma humohumo tumboni, kabla mwili haujakigusa. Inavyokuwa nzito ndivyo inavyokamata zaidi. Angeweza kumeza mwaka mzima."

"Ulisema maji."

"Nilisema maji," akasema. "Sikuuliza mnaita maji kitu gani."

Akaniambia asiache chai, aisogeze. Kidonge asubuhi na maji, akamulie chungwa au ndimu kukata ile chumvi, na ndimu inakisaidia chuma kuingia. Chai ikae mbali huko, alasiri, saa kumi, tumbo likiwa limeshamaliza kazi.

Kulikuwa na jambo moja bado, nalo hili sikuwa na wa kumtuma. Zena angelipaza juu ya ukuta.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda jikoni. Mama Devo alikuwa kwenye kigoda, amepinda mgongo, anamimina chai kwenye chupa nyekundu kupitia chujio. Nilisimama kizingitini. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisita, maana sijawahi kufika pale.

"Mama Devo."

"Baba Mkubwa."

"Chai ndiyo inazuia dawa."

Aliendelea kumimina. "Chai ipi?"

"Hii."

"Hii ni ya Aminiel."

"Najua."

"Ameinywa miaka yote. Haijawahi kumdhuru mtu."

"Haijamdhuru mtu. Imekaa saa mbaya tu. Binti wa dawa anasema ihamie saa kumi."

Chupa ikajaa, ikafurika kidogo, akaweka sufuria chini. Alikaa akitazama ule mvuke. Moshi wa kuni ulikuwa unatuingia machoni wote wawili na hakuna aliyepangusa.

"Nisipoipika asubuhi," akasema, "nitaamka nifanye nini?"

Nilitafuta jibu la maana. Mtu aliyetembea kama mimi angekuwa nalo, ndivyo watu wanavyodhani.

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nimeamka sehemu nyingi bila kujua naamkia nini. Mtu anaamka tu. Halafu saa kumi inafika."

Niliondoka pale kizingitini. Baadaye nilisikia kitu kinamwagika kwenye shina la mpapai, kingi, chote kwa mara moja.

Asubuhi ya pili chupa nyekundu ilikuwa imeinamishwa juu ya kichanja cha vyombo, kavu. Mezani kulikuwa na glasi ya maji, ndimu iliyokatwa, na kichupa. Mama Devo alitoka akakaa. Alimeza kidonge mbele yangu, akakunja uso kwa uchachu, na mimi niliangalia pembeni nusu na nusu nikaangalia. Mimi pia sikunywa chai. Kichwa kiliniuma mpaka mchana kama kimefungwa waya.

Saa kumi ilipofika alipika. Alileta vikombe viwili varandani, akaweka mezani, akakaa upande wa pili wa meza ileile. Alinywa akitazama barabara, na mimi nikatazama barabara. Siku nyingine Sele alipita, akaketi, akasema chai ya nyumba hii inaweza kupaka nguzo. Siku nyingine Mama Devo aliniuliza kama kweli Aminiel alipokuwa mdogo aliwahi kuanguka kwenye mfereji akiwa amebeba mbuzi. Nikamwambia mbuzi ndiye aliyekuwa amembeba yeye. Akatikisa kichwa. Ndiyo hivyo tu, hatukuwa watu wa kuzidisha.

Sikumbuki ni lini niligundua kwamba kucha zake si nyeupe tena. Siku moja alinikaripia kwa kuacha jembe kwenye mvua, na sauti ilikuwa na nguvu nyuma yake, nikajua kabla ya vipimo. Geti la mtu wa Singe nalo nilikuwa nimeanza kulipiga msasa. Sikulimaliza, nililipiga msasa tu.

Damu ilifika kumi na kidogo. Daktari akapanga siku.

Siku ya kupasuliwa Devotha alifika na basi, uso umevimba kwa safari na kulia. Tulikaa benchi moja la nje, mimi, yeye na Zena, mpaka muuguzi alipotoka kutuambia imekwisha salama, na uvimbe ulikuwa mkubwa kama embe dodo. Devotha alilala kwenye bega langu akalia tena. Niliuacha mkono wangu ulipokuwa, halafu nikaona umekwenda wenyewe mgongoni kwake.

Siku iliyofuata muuguzi alituruhusu kuingia, akasema mgonjwa anaweza kunywa kitu cha moto. Mama Devo alikuwa ameegemea mto, mdogo ndani ya shuka, macho makubwa. Aliniangalia mimi, akaliangalia begi langu miguuni.

"Unaondoka, Baba Mkubwa?"

Nilifungua zipu. Ndani kulikuwa na chupa nyekundu na vikombe, basi. Ni kubwa ile chupa, haiingii kwenye kikapu cha Zena. Nguo zangu zilikuwa zimebaki bandani, juu ya msumari.

"Mama," Devotha akasema, akishika mkono wake, "vile vidonge vyangu vilisaidia?"

Mama Devo alimtazama binti yake.

"Vilifika salama," akasema. Halafu akanigeukia. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na nusu."

"Nikumiminie kidogo?" Devotha akauliza, ameshika kifuniko. "Muuguzi amesema unaruhusiwa."

"Bado," akasema Mama Devo.

Devotha akafunga chupa. Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikakaa.